Hii Si ya Mtihani Tu

Walimu wa historia na baiolojia hapa Tanzania, tukifika kwenye chimbuko la binadamu, tuna sentensi moja tunayorithishana: "Haya andikeni kwenye mtihani mpate maksi, lakini mioyoni mwenu mnajua aliyewaumba ni nani." Niliisikia nikiwa kidato cha kwanza. Darasa zima lilishusha pumzi, tukanakili kilichokuwa ubaoni, tukahamia Zama za Mawe. Leo nafundisha baiolojia na jiografia katika shule ya kata huku Mbagala, na sentensi hiyo bado naisikia ikivuka dirisha kutoka darasa la jirani kila mwanzo wa mwaka. Mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, na naamini kwa moyo wote kwamba Mungu ndiye aliyeniumba. Pamoja na hayo, naihesabu sentensi hiyo kuwa moja ya mambo mabaya kabisa tunayowafanyia watoto darasani.

Kwa waliomaliza shule zamani, niwakumbushe mambo yanavyokwenda. Mtoto anaingia kidato cha kwanza, anakutana na mada ya chimbuko la binadamu kwenye somo la historia. Notisi zinazozunguka, zile za tisheni zilizopigwa kopi mpaka herufi zimefifia, nyingi zinaanza vilevile: kuna nadharia mbili za asili ya binadamu. Ya kwanza ni ya uumbaji: Mungu alimuumba Adamu na Hawa, rejea vitabu vitakatifu. Ya pili ni ya mageuko: Charles Darwin, binadamu ametokana na viumbe jamii ya nyani, hatua kwa hatua. Halafu inakuja ile picha ya watu wanaotembea kwa mstari, wa kwanza ameinama, wa mwisho amenyooka. Swali likija kwenye mtihani unaeleza zote mbili, kila moja na hoja zake, unapata alama zako. Mageuko yenyewe mtoto anayakuta tena kidato cha nne kwenye baiolojia, tena kuelekea mwisho, moko imeshakaribia na mwalimu anakimbizana na silabasi. Miaka yote ya katikati hakuna anayemuuliza amefikia wapi.

Wenzetu Marekani jambo hili limewafikisha mahakamani. Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu kijana John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe wengine, maana sheria ya jimbo ilikataza. Akatozwa faini ya dola 100. Hukumu yake ilikuja kutenguliwa kwa kasoro ya kisheria, lakini sheria iliyomtia hatiani ilidumu mpaka 1967. Mwaka 1968, katika kesi iliyotoka Arkansas, Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kupiga marufuku somo hilo kwa sababu za kidini. Waliopinga mageuko wakaja na hoja nyingine: basi vifundishwe vyote viwili, anayefundisha hiki afundishe na kile. Louisiana wakaitungia sheria hoja hiyo, nayo ikaanguka Mahakama ya Juu mwaka 1987. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Dover, Pennsylvania. Wazazi waliishtaki bodi ya shule iliyotaka wanafunzi wa baiolojia wasomewe tamko la kuwaelekeza kwenye hoja kwamba viumbe vimesanifiwa na mwenye akili. Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua kuwa hoja hiyo si sayansi, na kuipeleka kwenye kipindi cha sayansi ni kinyume cha katiba yao.

Katiba yao na yetu si moja, na sitaki kuzileta kesi zao hapa kwetu. Ninachosema ni kwamba kitu walichokipigania kwa miaka themanini, nadharia mbili ubavu kwa ubavu, sisi kimekaa kwenye daftari la mtoto wa kidato cha kwanza, kimya kabisa. Hata majirani zetu Kenya walibishana. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka mifupa ya kiumbe wa kale aliyepewa jina la kijana wa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, isipewe nafasi ya mbele kwenye Makumbusho ya Nairobi. Watu wakajibizana hadharani, kila mmoja akasema analoliamini. Sisi tumenyamaza na kunakili.

Na mtu wa kwanza kukasirika alipaswa kuwa muumini. Tazama uumbaji umefanywa nini kwenye notisi hizo. Umekuwa mistari minne yenye nukta pembeni. Nimekuta notisi zenye kichwa cha habari "udhaifu wa nadharia ya uumbaji", na mtoto wa miaka kumi na minne anakaa chini ya mwembe kukariri udhaifu wa Mungu kumuumba mtu kwa mavumbi ya ardhi, ili apate alama mbili, halafu Jumapili anakuja kanisani kuimba sifa. Mwenzake Ijumaa anakwenda msikitini. Mafundisho ambayo wazee wetu waliyaishi na kufa nayo yamegeuzwa hoja za kujazia jibu. Ratiba ya shule ina kipindi cha dini kila wiki. Wana UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wana mwalimu wao, Waislamu wana ustadhi wao. Uumbaji una mahali pake pa heshima, pa kufundishwa na mtu anayeuamini na kuujua, kwa muda wake wote. Kwa nini tuulete kwenye historia, tuupime kwa mizani ya mifupa, tuutoe na udhaifu?

Upande wa mageuko nao hali ni hiyohiyo. Mtoto hapewi ushahidi. Anapewa majina. Zinjanthropus, Australopithecus, Homo habilis, Homo erectus, mpaka awe ameyamaliza yote bila kuona jino hata moja. Halafu tunampa ile sentensi ya mtihani, na hapo tunamfundisha jambo kubwa kuliko mada yenyewe: kwamba ya shule ni ya karatasi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeeleza vizuri sana kwenye zoezi jinsi vijidudu vinavyopata usugu wa dawa. Nilimpa alama zote. Wiki hiyohiyo aliumwa, akaandikiwa vidonge vya siku saba, akaacha siku ya tatu kwa sababu alijisikia nafuu. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu asiyeona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Kwake havikuwa na uhusiano. Kimoja kilikuwa cha daftari.

Ndiyo maana nikashika chaki nikaamua kwangu mada hii itafundishwa mpaka iishe.

Maswali ya watoto yanafanana kila mwaka, na ni maswali mazuri. La kwanza ni hili: "Madam, kama tumetokana na nyani, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu?" Darasa linapiga makofi, aliyeuliza anakaa chini akiwa mshindi. Namwambia asimame tena.

"Una binamu?"

"Ninaye, Madam. Yuko Tandahimba."

"Amekuzaa?"

Wanacheka. "Hapana, Madam."

"Mnakutana wapi?"

"Kwa babu."

"Sasa yeye mbona hajageuka kuwa wewe?"

Kicheko kinakatika nusu. Sokwe wa Gombe ni binamu, hakutuzaa. Babu wa pamoja aliishi miaka milioni kadhaa iliyopita, wataalamu wengi husema kati ya sita na nane, na hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Tangu hapo kila ukoo umeshika njia yake. Ile picha ya mstari mmoja kwenye notisi ndiyo iliyowapoteza.

La pili linanifurahisha zaidi kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia pia: "Nani alikuwepo miaka hiyo akahesabu?" Hapo nawarudisha kwenye volkano walizosoma. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alikuwa anatembea Bonde la Olduvai, mumewe Louis amelala kambini anaumwa, akaona mfupa na meno vimechungulia kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, na Louis alikisia kwamba lina miaka kama laki sita. Mwaka 1961 tabaka la majivu ya volkano palipopatikana fuvu likapimwa, na jibu likawa takriban miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya alichokisia. Majivu hayo yana potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa kasi isiyobadilika. Volkano inapolipuka, kwa ule moto, argoni ya zamani hutoroka. Mwamba ukipoa, mpya inaanza kukusanyika ndani ya chembe zake. Unapima iliyokusanyika, unajua muda uliopita. Nawaambia waone jambo moja: mtafiti mkubwa alikisia, kipimo kikamkataa, naye akakikubali kipimo. Hilo nalitaka likae kichwani mwao hata wakisahau neno argoni.

Swali la tatu huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na msichana wa dawati la nyuma: "Madam, wewe mwenyewe unaamini?" Sikwepi. Nawaambia namwamini Mungu, na ushahidi huu naukubali, na hamlazimiki kunifuata kwa lolote kati ya hayo mawili. Mnacholazimika ni kuusikiliza ushahidi wenyewe kabla ya kuukataa.

Tukipata ruhusa na wazazi wakachanga nauli ya Kosta, tunakwenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Inaniuma kwamba kuna watu wamezaliwa Dar es Salaam, wamezeekea Dar es Salaam, wanapita Posta kila siku, na hawajui kwamba fuvu lile la Olduvai lilirudishwa nchini likakabidhiwa makumbusho hayo. Watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kulifuata. Watoto nawakataza kusoma maelezo kwanza. Tazameni tu, nawaambia, mniambie mnaona nini. Wanaanza na meno, daima. Magego mapana, manene, ya kuponda vitu vigumu. Safari moja binti mmoja alisimama mbele ya kioo akawa anapitisha ulimi kwenye magego yake mwenyewe, anapima, uso umetulia kabisa. Kisha wanaona lile tuta la mfupa linalopita katikati ya utosi kutoka mbele kwenda nyuma. Nawaambia waweke vidole pembeni ya paji la uso, juu ya masikio, watafune hewa. Kila mmoja anausikia msuli wake ukicheza. Wetu unaishia pale pembeni. Wa huyu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ulipanda mpaka juu ya kichwa, ukahitaji tuta la kujishikizia. Kundi zima la sare za bluu na nyeupe linatafuna hewa katikati ya ukumbi, wageni wanatushangaa.

Halafu nawaambia jambo linalowachanganya: huyu huenda si babu yetu hata kidogo. Ni tawi jingine la ukoo, lililokuwepo, likaishi muda mrefu, likakatika. Olduvai hiyohiyo ndipo yalipopatikana mabaki ya Homo habilis, aliyetangazwa mwaka 1964, na kwa muda fulani aina hizi mbili ziliishi katika ardhi moja. Mstari wa kwenye notisi unazidi kuvunjika.

Kwa wanaokosa nauli, nina chaki. Kwenye korido ya saruji nachora nyayo za Laetoli. Jivu la volkano lilianguka, mvua ikalilowanisha, viumbe wakapita wakitembea kwa miguu miwili, likagandamana; miaka milioni 3.66 baadaye nyayo bado ziko pale. Njia kuu ya kwanza ilichimbuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Ya pili ndiyo ninayoichora zaidi, kwa sababu ilipatikana na watu wetu. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanachimba mashimo ya majaribio kukagua eneo lililopangwa kujengwa makumbusho, wakakutana na nyayo. Wakishirikiana na wenzao wa Italia wakatangaza matokeo mwaka 2016. Kubwa kati ya nyayo hizo zina urefu wa takriban sentimita 26. Nachora hizo sentimita 26, watoto wanavua viatu wanapanga foleni. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, unyayo wake ulilala ndani ya chaki bila kupungua wala kuzidi. Wenzake walipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja. Nikawaambia: aliyezipata hizi yuko hapo Mlimani, panda daladala unafika. Kwa maana ile sentensi ya mtihani ina ujumbe mwingine ndani yake, kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi tunayaandika tu. Mifupa imelala Ngorongoro, chuo kiko Ubungo, na tunawaambia watoto si yao!

Kuna siku mada hii ilinigusa kwa namna ambayo sikuitafuta. Tulikuwa kwenye jenetikia, nafundisha selimundu. Darasani palikuwa na binti anayeumwa ugonjwa huo, anayekosa shule wiki nzima maumivu yakimshika, anayeijua kliniki ya Muhimbili kuliko anavyoijua maktaba yetu. Nilimuuliza kabla kama anaridhia nifundishe yeye akiwepo, akasema ndiyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Kwa nini jeni inayoumiza hivi isipotee? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha jibu kutokana na kazi aliyoifanya huku Afrika Mashariki. Mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo na nyingine ya kawaida haugui selimundu, na ana kinga dhidi ya malaria kali. Mahali penye malaria nyingi watoto wa namna hiyo walipona wengi zaidi, wakakua, wakazaa, jeni ikaendelea. Anayepata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye anayeugua. Huo ndio uteuzi wa asili, hapa hapa Pwani, katika damu yetu.

Binti yule akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Madam, hatukurogwa?" Alisema "hatukurogwa", akijumlisha mama yake, maana kwao maneno yalikuwa mengi na mama ndiye aliyekuwa akiyabeba. Nikamwambia hapana. Wazee wenu walipona malaria, ndipo ninyi mkawepo. Sasa naomba mwalimu yeyote aniambie ningemwambiaje mtoto yule kwamba haya ni ya mtihani tu.

Mwaka huohuo nilikuwa na kijana mmoja, baba yake mchungaji wa kanisa la kiroho, akili yake kali. Nilikuwa nimewatuma wakawaulize mama zao kuhusu klorokwini. Walirudi na hadithi za mwasho, mtu anajikuna usiku kucha, ukimeza dawa unatamani kuvua ngozi. Mbona haitolewi tena kutibu malaria kama zamani? Kwa sababu vimelea vilivyoweza kuihimili ndivyo vilivyobaki vikazaana. Mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP, nayo ikachoka haraka, na mwaka 2006 tukaingia dawa ya mseto. Mageuko yaliyotokea katika umri wa mama zao.

Kijana akasimama. "Madam, hapo nakubali. Lakini kimelea kimebaki kimelea. Hakijawa kitu kingine."

Hiyo ndiyo hoja yenyewe, wasomi wa upande huo huitumia. Nikampeleka Ziwa Victoria. Furu wa kule, wale samaki wadogo ambao watoto wa Mwanza wanawajua, walifikia aina karibu 500, na ziwa lenyewe lilikuwa limekauka miaka kama 15,000 iliyopita. Hizo aina zote, zenye midomo ya kukwangua mwani, ya kuvunja konokono, ya kula samaki wenzao, zimejitenga ndani ya muda huo, kabla sangara hajapandikizwa miaka ya 1950 na kuzimaliza nyingi.

"Furu amebaki samaki, Madam."

Darasa likalipuka. Nikampa makofi mimi mwenyewe. Kisha nikafanya jambo ambalo tangu siku hiyo nalirudia kila mwaka. Nilitawanya picha za mafuvu, kuanzia ya zamani hadi ya mtu wa leo, kwa makundi matatu, majina nimeyafunika. Nikawaambia: chora mstari. Kabla ya mstari ni mnyama, baada ya mstari ni mtu. Walibishana kipindi kizima. Makundi matatu yalichora mistari mahali patatu tofauti, na kila kundi lilikuwa na hakika na wake. Kijana wa mchungaji aliyatazama makaratasi matatu yamebandikwa ubaoni, akakaa kimya, halafu akauliza: "Sasa Madam, Mungu aliuchora wapi?"

Baada ya siku chache baba yake alikuja shuleni. Niliitwa ofisini.

"Bwana asifiwe, Mwalimu."

"Amina, Mchungaji. Karibu."

Alikuwa mpole, na alikuwa na wasiwasi wa kweli. Amemlea mtoto kwa neno, akasema, anataka kujua ninampeleka wapi. Nikachukua daftari la kijana mwenyewe, tukalifungua ukurasa kwa ukurasa: klorokwini, furu, mafuvu. Alisoma yote, kidole kikifuata mistari. "Mimi nilidhani mnawaambia hakuna Mungu," akasema. Nikamwambia maneno hayo hayajawahi kutoka kinywani mwangu, na sayansi haina kipimo cha kuyasema. Hakukubaliana na miaka, hilo alilisema wazi, dunia kwake ni changa. Lakini alisema afadhali ajue mtoto anaambiwa nini, watalizungumza nyumbani. Namheshimu kwa hilo. Mzazi aliyekuja kubisha amelichukulia somo langu kwa uzito kuliko mia wanaosaini ripoti bila kuisoma.

Aliyenifikirisha zaidi ni ustadhi wetu. Tulikuwa ofisi ya walimu, chai ya saa nne, mihogo na chachandu mezani.

"Mwalimu, mimi na mifupa hatuna ugomvi," aliniambia. "Dunia ni kongwe, sawa. Wanyama wamebadilika, Mwenyezi Mungu anaumba apendavyo. Shida yangu ni Adamu."

Akaeleza taratibu. Adamu aliumbwa kwa udongo, hakuwa na baba wala mama. Ukimwekea wazazi umegusa jambo ambalo hawezi kulilegeza. Nikamwambia fundo hilo hata kwetu Wakristo lipo. Wakatoliki wamejaribu kulifungua kwa njia yao: Papa Pius wa 12 aliandika mwaka 1950 kwamba inaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe waliotangulia, lakini roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwetu Walutheri utapata kila rangi ya maoni, hata ndani ya kwaya moja. Nikamtajia Uturuki, walioyaondoa mageuko kwenye vitabu vya sekondari mwaka 2017. Akatikisa kichwa. "Kuficha si dawa. Mtoto ana simu. Atayakuta huko, na huko hakuna ustadhi."

Hapo tulikubaliana kabisa. Mitaala inabadilishwa na vitabu vipya vinaandikwa, na ombi langu kwa wanaoviandika ni hilo: uumbaji upewe kipindi cha dini chenye mwalimu aliyeandaliwa, mageuko yaanze mapema kwenye baiolojia yakiwa na ushahidi wake, na ule ukurasa wa nadharia mbili na udhaifu wake uondoke. Mtoto mwenyewe atavikutanisha. Ana haki ya kuvikutanisha akiwa na watu wazima karibu.

Ustadhi ndiye aliyetoa wazo la kuwaita kidato cha nne wote Alhamisi mchana baada ya vipindi, yeye, mimi na mwalimu wa UKWATA, tukae mbele tuulizwe. Mkuu wa shule ameridhia. Tumeweka boksi la karatasi mlangoni mwa maabara, maswali yasiyo na jina. Jana nililifungua na ustadhi tukayapanga. Kuna la dinosaria wa Tendaguru na kwa nini yuko Berlin, hilo ni langu. Kuna la Nuhu na twiga. Kuna aliyeuliza kama Zinjanthropus atafufuliwa siku ya kiyama. Kuna lililoandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: je, roho iliingia lini? Ustadhi alilisoma mara mbili, akaliweka juu ya mengine yote. Tumekubaliana tuanze na hilo, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wangu kwa umri, ataanza yeye kujibu.